Sinia ya Unga

Nimeitia sinia unga, nikausawazisha kwa kiganja.
Ghalia, njoo. Nawe Muatasim, weka hiyo simu.
Mwalimu wenu anataka ramani siku ya Jumapili,
kutoka nyumbani mpaka skuli, na mishale yake.
Karatasi kubwa hatuna. Sinia tunayo.

Kwanza mikono.
Huu wa kulia ndio wa kulia:
wali unaujua, tende zinaujua.
Ule mwengine kushoto, kazi yake mnaijua, msicheke.
Muatasim anaitazama yote miwili.
Yeye, asema, hulia kwa macho.

Haya. Kokwa hii ya tende ndiyo nyumba yetu.
Iliki, duka la Mbangali.
Karafuu ina kichwa, basi ndio msikiti.
Mdalasini nimeulaza, barabara ya kwendea Sur,
na kwa ncha ya kidole nalichora falaji:
linapita nyuma ya mitende, linapinda ukutani
kama lililosita kusikiliza maneno ya watu.
Skuli ni kifungo cha kanzu ya baba yao,
kilichokatika tangu Idi, nami nasema nitakishona.

Sasa pande nne.
Nikasimama kama nilivyosimamishwa Mkoani,
miguu mitupu, uwanjani, na mwalimu ana kifimbo:
elekea kibla, mbele yako kaskazini,
kulia mashariki, kushoto magharibi,
mgongoni kusini, wala usigeuke kuitazama.
Nikaandika K kwenye unga, upande wa mswala.

"Siyo, Bibi."
Miaka sita, meno mawili ya mbele hana.
"Jua linatoka kwenye tangi la maji la kina Zuwena.
Wewe ukiswali, tangi liko nyuma yako."

Nikautazama mswala.
Nikalitazama tangi, dirishani, na kunguru juu yake.

Miaka arubaini na mitatu nimo humu Ibra.
Naswali Magharibi, na jua limetua mbele ya uso wangu,
wekundu wake bado umo kwenye majabali,
jina la sala na jina la upande ni moja,
na sikuwahi hata siku moja kusema: ala!
Mji mzima nimeuzungusha robo kichwani mwangu
ukae kama Pemba, usinisumbue.
Ndiyo maana hupotea nikienda hospitali.
Ndiyo maana marehemu babu yao, akiniambia
"pinda kaskazini", tulifika arusini tumenuniana.

Makka haikuhama. Aliyehama ni mimi,
na nilisahau kuhama na mbele yangu.

Nikashika kingo za sinia niizungushe, nisahihishe.
Akanizuia, vidole vyake vyeupe juu ya vyangu:
"Ukiizungusha, skuli yetu itakwenda kwa watu.
Vitu viko sawasawa. Hiyo K tu ndiyo hapana."
Akaipuliza. Unga ukanirukia usoni.
Akaiandika upya, mkono wa kulia wa anayeswali,
kubwa, imepinduka, mgongo mbele.

Nikamuuliza, basi Mkoani kuko wapi?
Akafikiri. Akanyoosha mkono kushoto,
ukavuka unga, ukavuka ukingo wa sinia,
sakafu, viatu vya Muatasim.
"Kule kwenye friji," akasema. "Lakini mbali."

Tulipogeuka, nyumba haipo.
Muatasim ameitia mdomoni, anaifyonza.