Robo ya Nano

Juni, Mwanjelwa. Ukungu umeshuka kutoka Loleza
bila kubisha hodi, umefika mpaka kaunta.
Anyitike anapuliza vidole, anavuta droo,
ananiwekea vijiti viwili vya rami juu ya gazeti la juzi.
"Chagua, dada. Hiki elfu moja mia sita,
hiki elfu moja mia tatu thelathini na tatu."

Kwa macho ya sokoni, kikubwa ni kikubwa.
Nusura nitoe hela.
Lakini pembeni, kwa maandishi ya sisimizi,
cha kwanza kina kumi na moja,
cha pili tisa.
Ndiyo mapigo ya kusubiri: unaita,
unahesabu, ndipo kijiti kinaitika.

Nikaomba kalamu. Nyuma ya risiti ya viazi
nikapanga hesabu kama mtoto wa darasa la nne:
pigo la mwepesi, nano moja na robo,
mara kumi na moja: kumi na tatu na robo tatu.
Pigo la mzito, moja na nusu,
mara tisa: kumi na tatu na nusu.
Nikarudia. Nikageuza karatasi.
Mwepesi wa miguu ndiye mzito wa kuitika,
kwa robo ya nano,
kitu ambacho hata kope haijui kama kimepita.

"Ila akishaanza kubeba," akasema Anyitike,
"huyo wa mia sita anabeba zaidi.
Kwani wewe kazi yako nini?"

Barua za kuomba ajira. Mitihani ya majaribio.
Picha za pasipoti, nne kwa ukurasa.
Vijikazi vinavyoita mara mia
na kuchukua punje punje.

Nikapima. Elfu kumi na mbili upande huu,
robo ya nano upande ule.
Nikashika tisa, nikaachia, nikashika kumi na moja.
Chai ikaota utando.

Ndipo akafungua mashine yangu,
akapangusa vumbi la miaka sita kwa brashi ya rangi,
akamulika ubao kwa tochi ya simu, akacheka peke yake.
"Dada, ubao huu hauvuki mia tatu thelathini na tatu.
Hata ungeleta radi, humu ingetembea kwa mwendo wa mwenye nyumba."

Nikalipia cha bei ndogo.
Elfu kumi na mbili ikawa rimu ya karatasi.

Uyole, mlangoni kwangu, watoto watatu wa shule wamejikunyata,
wameshika flashi moja kama kaa la moto.
"Tumesubiri sana," akasema mdogo wao.
Sikumuuliza mapigo mangapi.