Kiima

Jumanne na Alhamisi, zamu ikiisha,
navua buti, nasugua mafuta ya ng'ombe kwenye kucha,
kisha napanda ngazi za maktaba ya Orrin, Nebraska,
kujifunza kupanga maneno.

Bi Vosburg, mstaafu wa posta,
huandika ubaoni: Mtu. Tendo. Kitu.
"Kama treni," asema. "Kichwa kwanza, mabehewa baadaye."
Eliseo anacheka. Kwao kichwa si lazima,
kitenzi peke yake hubeba abiria wote.
Kwetu Myitkyina kitenzi hupanda mwisho kabisa.
Mama akianza: "Baba yenu, njia ya mgodini, mvua hii,
na viatu vyake vile vile..."
sisi watoto, vijiko hewani,
hatujui bado kama ameondoka, amerudi,
au amefukiwa.
Kiingereza hakina subira hiyo.
Kinataka kujua mapema nani kafanya nini.

Wiki ya kwanza niliandika: Mimi nyama nakata.
Wiki ya tatu: Mimi nakata nyama.
Kalamu nyekundu ikaniwekea alama ya vema,
nikaitazama njia nzima ya kurudi,
chini ya kila taa ya barabarani.

Kisha ikaja aya.
Aya, asema Bi Vosburg, ni wazo moja na mashahidi wake.
Sentensi ya kwanza hufungua mlango,
za katikati huingia zikikaa karibu karibu,
ya mwisho hufunga, lakini isibamize.
Mstari wa kwanza usogezwe ndani, upana wa kidole.
Nikapima kwa kidole cha shahada,
cha mkono wa kulia.
Cha kushoto kinaishia kwenye kifundo.

Tangu Februari nilikuwa na karatasi ya kampuni mkobani,
imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika.
Siku hiyo nikaitoa. Tukaisoma kwa sauti:
*Kidole kilikatwa wakati wa kazi.*

Bi Vosburg akavua miwani.
"Mtendaji yuko wapi?"
"Si kidole?" akauliza Eliseo.
"Kidole kimetendwa. Nauliza aliyetenda."
Tukamtafuta. Tukapita neno kwa neno,
tukageuza karatasi, nyuma kuna nembo tu.
Sentensi imesimama kama nyumba iliyowashwa taa zote
na hakuna mtu ndani.
"Hili si kosa la sarufi," akasema mwalimu taratibu.
"Aliyeiandika anakijua Kiingereza vizuri sana."

Usiku ule Seng Pan amelala, sufuria ya wali imelowekwa,
nikakaa mezani na kamusi na chai iliyopoa.
Nilifuta mpaka karatasi ikawa na manyoya.
Saa nane nilikuwa na hii:

*Ninafanya kazi mstari wa nne. Mwezi wa Februari
Bwana Haugen aliongeza kasi ya mkanda.
Nilimwambia kwamba kisu hakina kinga.
Yeye alitazama saa yake.
Mashine ilikata kidole changu.
Kampuni ilijua.*

Sentensi sita. Nikazihesabu kama mtu ahesabuye watoto
baada ya kuvuka mto.
Kila moja ina mwenyewe.

Alhamisi Bi Vosburg aliisoma mara mbili,
akasahihisha herufi moja kwenye jina la mwezi.
"Ila sentensi ya mwisho," akasema, "haifungi aya."
Nikamwambia najua.
Nikamwambia kwetu huwa tunasubiri kitenzi,
na hiki bado kiko njiani, kwa wakili, mjini Lincoln.
Akaiacha ilivyo.

Tulipokuwa tukivaa makoti, Eliseo akanivuta pembeni.
Ana bega lisilopanda juu ya sikio tangu mwaka juzi,
na fomu yake pia, na daftari lenye kurasa nyeupe.
"Aya ya bega," akanong'ona, "inaanzaje?"

"Usianze na bega," nikamwambia.