Jibu la Fundi Bomba wa Gyumri

Ishushe hiyo chupa, mgeni, nimekuelewa.
Swali lako halihitaji mkalimani:
kidole kwenye bomba, kiganja tumboni,
nyusi mbili juu kama mizani ya muuza jibini.
Yanyweka?

Ngoja nifute mikono.
Miaka ishirini na sita nazibua mabomba ya mji huu
na bado sina jibu linaloenea katika neno moja.

Lile la sokoni, penye wauza mbegu za alizeti, kunywa.
Yanatoka mlimani, baridi hadi meno yanaimba,
watoto wa shule huyagombania wakisukumana,
na Siranush, mwenye duka la vifungo, hajaugua kitu
ila magoti.
La mbele ya stesheni, kunywa, lakini asubuhi.
Hotelini kwako, sijui.
Kweli sijui. Mabomba yao waliyaficha ndani ya ukuta,
na mficha maradhi, mwisho wake unaujua.
Ukifungua yakatoka na rangi ya chai
usikimbie. Yaache yatiririke, hesabu hadi mia.
Yakitakata, nawa uso.
Ya kunywa, waambie wachemshe mpaka kifuniko kicheze.

Kule juu, kwenye vibanda vya mabati
vilivyowekwa kwa muda baada ya tetemeko,
na muda ule ukazaa wajukuu,
maji huja saa mbili kwa siku.
Bomba likikaa tupu hufyonza matope ya jirani.
Kule usinywe.
Wao wanakunywa, ndiyo.
Hakuna aliyewauliza wanaondoka lini.

Na hili hapa, ulilosimama mbele yake,
jiwe jeusi, kibakuli, mdomo wa shaba,
usiliguse.

Nimelifunika gunia, umeona. Chini kuna ufa
mwembamba kama unywele, na ubavuni pake
linapita bomba la maji machafu.
Niliandika barua ofisini kuomba kipande,
sentimita arobaini tu, mwezi wa tatu.
Sasa matufaha yanaanguka.
Bi Haykuhi, yule dirishani, haitikii tena salamu yangu.
Anasema nimemziba marehemu mdomo.

Maana sisi tukifiwa, wengi wetu, hujenga bomba.
Marehemu hupewa maji
awagawie wapita njia.
Hizo herufi saba unazopapasa kwa macho
zinasema Vardges.
Ndugu yangu. Miaka kumi na tisa.
Alikuwa na kiu isiyo na adabu: akitoka kwenye mpira
alikunywa hadi shati likalowa kifuani,
na mama akapiga kelele, na yeye akacheka kwa pua
maji yakamtoka.
Jiwe hili mama alilipima mwenyewe kwa kamba ya aproni.
Akamwambia mchongaji: lisiwe juu.
Mrefu, mfupi, mkubwa wa polisi, mlevi,
hakuna atakayekunywa hapa bila kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo nimekujibu. Sitaki urudi kwenu
ukatapike jina la ndugu yangu
kwenye ndoo ya uwanja wa ndege.

Mimi?
Waya wa hilo gunia niliusokota mimi, na mimi huufungua.
Jioni, Bi Haykuhi akishateremsha pazia,
nainama.
Funda moja. La pili likinijaribu, nalitema.
Tumbo likiniuma usiku, huo ni ugomvi wa ndugu,
na ndugu wakigombana, mgeni,
wewe chukua chupa yako
ukajaze sokoni.