Kilo Mia Moja na Tisini

Watu watakusimulia habari za mwimbaji.
Mimi nilibeba kinanda.

Kilo mia moja na tisini, bila kiti chake:
mbao, waya, na vumbi la Port Pirie.
Ngazi kumi na saba za hoteli moja kule Geelong,
ishirini na mbili za ukumbi wa wachimba makaa, Newcastle,
na ile baa ya Wagga ambayo ngazi zake sikuzihesabu
kwa sababu nilizishuka kwa makalio,
kinanda kikinifuata kama mdai.

Kelvin Trezise ndiye aliyeshika upande wa pili.
Siku zote yeye alipanda kinyumenyume,
akipiga mluzi kitu ambacho bado hakijawa wimbo.
"Subiri," angesema, katikati ya ngazi,
nami nasubiri, mishipa ya shingo imenitoka,
hadi aipate sauti ile, aimeze, aseme, "Twende."

Babake aliyeyusha risasi kiwandani miaka thelathini.
Mamake alipiga kinanda cha kanisa la Wamethodisti,
kile cha kukanyaga, chenye pafu moja bovu,
hivyo kila zaburi ilivuta pumzi pasipo na kituo.
Huko ndiko alikojifunza kuacha pengo.
Wapiga gitaa hawajui kuacha pengo.
Alikaa pembeni mwa jukwaa, nusu gizani, nusu nyuma ya nguzo,
na picha zote za mwaka themanini na moja
zinaonyesha kiwiko chake tu.

Kiwiko hicho ndicho kilichoandika "Chumvi Kwenye Bawaba."
Aliuandika karibu na mji wa Hay, tukingoja rejeta ipoe,
kangaruu amelala mbele ya gari kama anayetulaumu;
aliuandika nyuma ya risiti ya petroli
kwa penseli ya wanja aliyoazima kwa mwimbaji.
Mwimbaji akauimba. Nchi nzima ikaamini
ni yeye aliyeachwa mlangoni na begi lake.
Harusini, mazikoni, viwanjani wakati wa mapumziko,
waliuimba wakimtazama yeye.
Nilimuuliza Kelvin, "Haikuumi?"
Akasema, "Shika vizuri upande wako."

Bendi ilivunjikia Townsville, kisa friji.
Sitaeleza.
Mwimbaji akaenda London na nywele zake.
Kelvin akarudi Pirie kurekebisha piano za watu,
baiskeli, mkoba wa nyundo ndogo,
na kila Juni hundi ya mrabaha:
mwaka mmoja dola elfu tisa,
mwaka mwingine dola kumi na moja na senti arobaini.
Hiyo ya pili aliitia kwenye fremu, chooni.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo nililotaka kusema.
Mwezi mmoja kabla hajafa tulikuwa kwenye foleni dukani,
yeye na maziwa, mimi na dawa ya mgongo.
Binti wa kaunta, beji yake imeandikwa Thuy-Linh,
alikuwa akiimba puani wimbo wetu bila kujua ni wetu,
na pale kiitikio kinapopanda, yeye akashuka.
Alikosea. Noti moja tu.
Kelvin akaweka maziwa chini.
"Subiri," akasema,
na watu wanne nyuma yetu, na vigari vyao, wakasubiri.

Saa nane za usiku simu yangu ikalia.
Akauweka mkono wa simu juu ya kinanda,
akaupiga wimbo wote, miaka arobaini baadaye, ukishuka.
Halafu kimya kirefu, nikadhani laini imekatika.
"Nilikosea mimi," akasema. "Siku zote."
Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo jukwaani.

Jeneza lake lilibebwa na watu sita.
Lilikuwa jepesi, jepesi la kutia aibu.
Safari hii mimi ndiye niliyerudi kinyumenyume,
ngazi tatu tu za kanisa,
na kwenye ile ya pili
nikajisikia nikisema, "Subiri."