Jezi Namba Moja

Nilipewa tenda ya kufua jezi
za vijana wa chini ya miaka kumi na saba:
timu nne, mabeseni sita, na maji ya mgawo
yanayofika kwetu Chang'ombe saa tisa usiku.

Za Uganda zilinuka dawa ya kuchua.
Za Eritrea mtu alizishonea majina kwa mkono.
Za kwetu sisemi. Mfuaji hana timu.

Jioni Sudan Kusini walipofungwa saba
kipa wao alikuja mwenyewe getini,
mrefu, Kiswahili cha kuokoteza:
"Mama Ndahani, hii hapana fua."

Vumbi la Dodoma limeganda kiwikoni,
begani, hadi juu ya ile namba.
"Penalti," akasema, akajirusha kidogo
pale pale kati ya kamba zangu,
kulia, mkono umekunjuka wote.
"Saba ndani. Moja hapana."

Nikamwambia mkataba unasema zote.
Akanyamaza.
Jogoo wa jirani, asiyejua saa, akawika.

Nikaikunja na uchafu wake,
nikaitia kwenye mfuko wa zabibu, nikapiga fundo.
Kwenye daftari la ofisi niliandika:
jezi ishirini, zote safi.