Meno Tisa

Daktari, karatasi yako nimeibandika ukutani,
juu ya cherehani, pembeni ya kalenda ya duka la mbao.
Dona, si sembe.
Karanga, kiganja kimoja.
Karoti mbichi, kunde na maganda yake.
Uliisoma yote kwa sauti, ukauliza,
"Bi Chausiku, tumeelewana?"
Nikasema ndiyo, midomo nimeibana,
wala hukuniomba niifungue.

Yamebaki tisa.
Mawili ya chini yanayumba kama mbao za uzio.
Gego la kushoto halina mwenzake juu,
linasaga hewa.

Ya mbele, yale yaliyoondoka, yalikuwa mkasi wangu.
Miaka thelathini na sita, Magomeni Mapipa,
sare za shule, mashela, magauni ya sikukuu,
uzi naukata kwa jino
hadi jino likachongeka kijimfereji.
Mteja akisema, "Mkasi huo hapo, Bi Chausiku,"
namjibu, huo hunolewa na fundi, hili alilinoa Mungu.
Mungu akachukua chake.
Moja, jingine, jingine, pale Mwananyamala,
na kila likitoka ufizi ukavimba, kidonda kikagoma kufunga.
Sikujua kuwa sukari ilikuwa imeshaketi ndani
bila kupiga hodi.

Sasa sikiliza ninachokula, maana hukuuliza.
Asubuhi mkate mweupe,
nauchovya kwenye chai mpaka unakata tamaa.
Chai haina sukari, naapa. Mkate ndio wenye siri.
Mchana wali, bokoboko.
Usiku uji wa sembe, na ndizi mbivu ile ya madoa,
inapita yenyewe
kama mgeni aliyeizoea nyumba.
Kila kinachonihurumia mdomoni
kinanigeuka kwenye damu.
Kisha kidude chako kinanichoma kidole, kinasoma kumi na nne,
nawe unanitazama kama mtoto aliyedokoa.

Nilijaribu, wallahi.
Nilinunua karanga kwa yule kijana anayechezesha sarafu.
Nikatia tatu kinywani, nikazizungusha kama tasbihi,
kushoto, kulia, kushoto,
adhana ya alasiri ikaadhiniwa ikaisha.
Nikazitema kiganjani: nzima, zimelowa, zinang'aa,
kama hazijapata kukutana na mtu.
Nikacheka.
Halafu sikucheka.

Meno ya bandia? Nimeulizia.
Ni kodi ya fremu yangu miezi mitatu.
Jirani Mwanaheri anayo,
huyavaa harusini kwa ajili ya picha;
pilau ikiletwa, huyafunga kwenye leso.

Juzi mjukuu wangu Shomvi akaniuliza
kwa nini kinu cha mama yangu kinazuia mlango.
Upepo, nikamwambia.
Akakitazama. Akanitazama.
Akakibeba hadi uani, kimemshinda, anahema,
tukakiosha maji matatu.
Kunde tulizichemsha, tukazitwanga na maganda yake.
Karanga zikawa unga, unga ukatoa mafuta,
nikautia kwenye mchicha uliokatwakatwa kama vitambaa vya kubandikia viraka.
Mlango ulijibamiza usiku kucha.
Nilikula taratibu.
Sikusema kitu, na Shomvi hakuniuliza.

Kwenye karatasi yako, kwa chaki yangu ya kupimia,
nimeongeza neno moja: twanga.
Jumanne nitakuja nayo.
Kabla ya kidole, daktari, uniambie nifungue mdomo.
Uhesabu.

Jioni hii nashona suruali ya shule ya mtu.
Mkono umefika mwisho wa pindo, nautafuta mkasi,
Shomvi ameshainama, uzi uko kati ya meno yake,
meupe, yote, anasubiri nimwambie kata.
Nikamchapa kidogo begani.
"Tema," nikasema. "Tema uzi wangu.
Mkasi uko chini ya kitambaa."