Magogo ya Abílio

Deolinda, mimi ndiye niliyemzuia kaka yako.
Usimtafute mwingine wa kumlaumu.
Ilikuwa Januari, kumekucha kwa shida,
pale barabara inapoiacha Vilar Formoso
na kibanda cha forodha kimebaki kibanda tu,
kioo kimepasuka, kuku wa jirani hutaga ndani.
Siku hizi watu hupita bila kuulizwa jina.
Mbao ndizo zinazoulizwa.

Alishuka akivuta mguu wa kushoto.
Kwenye buti, magogo kumi na saba ya msonobari
yamefunikwa shuka la maua,
gome lote juu, mabichi, yananukia utomvu.
"Mti wa baba," akasema.
"Aliupanda mwaka aliozaliwa dada.
Umekauka kati ya Agosti na Krismasi,
sindano zikawa nyekundu kama kutu
na bado zikang'ang'ania tawini.
Dada ana jiko la kuni. Nataka aote moto wa kwetu."

Nikatoa kisu, nikabandua gome kidogo.
Mbao ilikuwa na doa la buluu, buluu ya moshi,
na tundu dogo, pana kama punje ya dengu,
limezibwa kwa unga wa mti.
Nikajua.
Humo amelala mtoto wa mbawakavu
ambaye akikua pembe zake zitaupita mwili kwa urefu,
na kwenye mirija anayopumulia watapanda abiria,
minyoo maelfu, wembamba
hata mimi na miwani yangu siwaoni.
Mei angetoboa njia, akaruka,
akatafuna kijiti laini cha msonobari wa watu,
nao wakashuka bila nauli.
Mti hauna koo la kupigia kelele.
Hufunga utomvu wake, hufa wima.

Yupo mgeni akija, mwenyeji haponi.

Nikamsomea kanuni, kila neno:
kuni za msonobari hazivuki
ila zimepikwa nyuzi hamsini na sita, nusu saa,
si juu juu, hadi kiini,
zikapigwa muhuri, zikafuatana na cheti.
Akanisikiliza akivunja vunja gome kwa ukucha.
"Na zikichomwa leo leo?
Saa nne nafika, saa sita ni majivu."
Swali zuri. Jibu zuri sina.
Sheria ni msumeno,
na siku ile mpini wake ulinichubua kiganja.

Mjomba wangu Eutimio naye alisema leo leo.
Kisha wageni wake wakachelewa,
kuni zikaegemea ukuta hadi Juni.
Miaka miwili baadaye walikuja watu na misumeno ya machungwa,
wakapima mita mia tano kila upande
wakakata mzima na mgonjwa,
hata ule wa uwanja wa shule, uliokuwa na bembea.
Hakuna aliyethibitisha lolote.
Mjomba aliacha kukaa kibarazani, basi.
Alikuwa akitazama nje kupitia pazia
kule ambako hakukuwa na cha kutazama.

Kaka yako hakunitukana. Ningependa angenitukana.
Aliyabeba magogo mwenyewe, moja moja,
hadi nyuma ya karakana ya halmashauri,
tukayachoma mbele ya fomu na shahidi.
Lile la kumi na saba alilishika kwa muda,
akalinusa kwenye kata yake,
akahesabu duara za umri kwa kidole,
akafika sitini na moja, akakosea, akaanza upya.
Nilitazama pembeni.
Kutazama pembeni hakujakatazwa.

Usiku nilifungua kitabu cha kanuni
nikasoma ukurasa kwa ukurasa kuhusu magome,
vumbi la msumeno, vigae, godoro za mizigo.
Majivu hayakutajwa popote.

Basi pokea kopo hili, nimelifunga kwa mkanda.
Yamepoa, nimeyachekecha, misumari nimetoa miwili:
mtu aliwahi kutundika kitu kwenye mti ule,
wewe labda unakumbuka nini.
Vitunguu hupenda majivu, mwagia taratibu.
Kopo naomba unirudishie.
Ni la mama.